Mashine ya nyasi ya umeme imegoma kutembea? Anza kwenye pedali, kontrola iache kwanza

Kuna mzee wangu mmoja wa Bukavu, tunakaa naye mtaa mmoja huku Ohio, ana ile mashine ya kukatia nyasi ya kupanda, ya umeme, volti 48, aliinunua mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama. Juni moja akanipigia, "fundi, kuya uangalie hii mashini, iko inakataa kutembea." Alikuwa ameshaipeleka mahali wakamwambia kontrola (ile boksi ya elektroniki inayoamua mota ipate umeme kiasi gani) imekufa, na bei ya kontrola mpya ilikuwa karibu nusu ya hela aliyotoa kununua mashine nzima. Nikakaa chini ya ile mashine kama saa moja na nusu hivi na kitu nilichokikuta ni waya mmoja mwembamba chini ya pedali ya kuendea, umekatika ndani kwa ndani, nje plastiki yake nzima kabisa. Waya wa senti!

Tangu hapo nimeshika nyingi za aina hii na nikwambie tu, kontrola kufa kweli hutokea, ila mara chache. Mara nyingi haijafa, imekataa. Ichukulie kama mlinzi wa geti: ufunguo, kiti, breki, swichi ya visu, pedali, kila mmoja lazima aonyeshe kitambulisho, akikosekana mmoja tu geti halifunguliwi, na mlinzi hasemi ni nani amekosekana. Kazi yetu ni kuzunguka na mita ya kupimia volti na ohmu tukimuuliza mmoja mmoja. Mliopo nyumbani mnaotunza vigari vya gofu vya hoteli nanyi someni, maana ukitoa visu mpangilio ni karibu uleule.

Kabla ya kugusa chochote

Hapa sina utani. Watu wanaona volti 48 wanasema haiui, sawa, ila betri nne za asidi zikipigwa shoti na spana zinatoa ampea mamia kwa mamia, spana inageuka nyekundu mkononi na pete ya ndoa inayeyuka na kidole. Vua pete, vua saa, vua cheni. Toa ufunguo, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha piga jeki nyuma mpaka magurudumu yanayovuta yaelee, na usitegemee jeki peke yake, weka stendi au magogo. Halafu chomoa plagi za mota za visu. Sio kuzima swichi, CHOMOA. Unataka ukikanyaga pedali kwa bahati mbaya kitu kinachozunguka kiwe tairi tu.

Kisha fungua waya wa hasi wa betri, ule mnene mweusi. Spana yako izungushie tepu mpini mzima ibaki mdomo tu. Na fanyia kazi nje au mlango wa gereji ukiwa wazi, betri za asidi zikichajiwa zinatoa haidrojeni na cheche moja inatosha.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui, ndani ya kontrola kuna kapasita kubwa, vidude vinavyohifadhi umeme, na zinabaki na umeme hata betri ikiwa imefunguliwa. Chukua rezista ya ohmu 100 ya wati 25, ishikilie na koleo lenye mpini wa plastiki, gusisha kwenye terminali chanya na hasi za kontrola sekunde kumi hivi, kisha pima na mita uhakikishe imeshuka karibu na sifuri. Usitumie bisibisi kupiga shoti, ni ushamba na unaharibu.

Jua njia umeme unakopita

Kuna njia mbili, na ukizitenganisha kichwani umemaliza nusu ya kazi.

Njia nene: betri, fyuzi kubwa, kontakta (ile swichi kubwa inayolia "tak" ukiwasha ufunguo), kontrola, mota. Huku ndiko ampea zinapita, nyaya nene kama kidole. Mota ikiwa ya brashi utaona nyaya nene mbili zikienda kwake, au nne kama fildi yake (koili za pembeni zinazotengeneza sumaku) ina nyaya zake, na ikiwa isiyo na brashi utaona nene tatu pamoja na kifurushi chembamba cha sensa.

Njia nyembamba: kutoka betri kwenye fyuzi ndogo, ufunguo, swichi ya kiti, swichi ya breki, swichi ya mbele na nyuma, pedali, mpaka kwenye soketi ndogo ya kontrola. Huku hakuna nguvu, ni taarifa tu. Na huku ndiko kunakoharibika, kwa sababu nyaya ni nyembamba, zinapita chini ya sakafu ya mashine, majani mabichi yanajikusanya juu yake, panya wanazipenda wakati wa baridi, na mwenye mashine anakuja na pampu ya presha kuosha.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. General Electric walitengeneza trekta ndogo za bustani zinaitwa Elec-Trak, zilitoka 1969 mpaka katikati ya miaka ya 70, betri sita za volti 6 zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine kupata 36, na nyingi zilikuwa zinapandisha spidi kwa kontakta na rezista kubwa, hakuna kompyuta. Zipo hadi leo zinakata nyasi na wenyewe wanazipenda kama ng'ombe wa maziwa. Unaona kila kitu kwa macho. Hizi za sasa pedali haibebi umeme wa mota hata kidogo, inapeleka ombi tu, na kontrola ndiyo inaamua.

Basi piga picha kila plagi kabla hujachomoa, na chora kwenye karatasi hata kama mchoro wako mbaya, rangi ya waya, unatoka wapi unaenda wapi. Nilishawahi kujiamini nikachomoa plagi mbili zinazofanana, nikalipa kwa jioni nzima ya kujilaumu.

Betri kwanza, hata kama una haraka

Iache mashine masaa machache tangu ichajiwe, kisha pima kila betri peke yake. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.7, kwa hiyo nne zinakupa karibu 51. Ikisoma 12.2 iko kama nusu. Chini ya 12 hiyo chaji kwanza, usianze kutafuta mchawi. Kama ni ya lithiamu usomaji ni mwingine na humo ndani kuna kadi ndogo ya elektroniki ya ulinzi ambayo inaweza kukata umeme wote ukaona sifuri wakati betri ni nzima.

Ila kupima ikiwa imetulia hakutoshi. Betri mbovu inajua kujifanya. Kama mashine bado inatembea hata kidogo, rudisha waya wa hasi, ishushe, upime ikiwa imebebeshwa mzigo: mtu amekaa anaendesha taratibu kupanda mwinuko, wewe umefunga nyaya za mita kwenye betri moja na mita ameishika yeye. Tatu zikishuka 12.1 na moja ikatumbukia 9, umempata mgonjwa, na kontrola ikiona jumla imeshuka sana inajizima yenyewe kujilinda, ndo pale mtu anasema "inatembea dakika mbili inakufa."

Na nati za terminali, zishike moja moja kwa spana yenye tepu. Lagi (kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya kinachobanwa kwenye betri) ikilegea inapoteza nusu volti tu lakini kwenye ampea 100 hiyo ni wati 50 za moto mahali padogo, kama umeacha pasi ya kulehemu imewashwa juu ya betri. Ndiyo maana unakuta plastiki imeyeyuka upande mmoja. Jinsi ya kuibamba: weka waya mmoja wa mita juu ya nguzo ya betri yenyewe na mwingine juu ya lagi, mashine ikiwa inavuta mzigo. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukiona 0.2 kwenda juu fungua, sugua kwa brashi ya waya, funga tena.

Sasa walinzi wadogo: ufunguo, kiti, breki

Waya wa hasi uwe umerudishwa, magurudumu yawe yanaelea tena, visu bado vimechomolewa. Angalizo kwa wale waliozoea magari: kwenye gari unaweka mita nyeusi kwenye bodi popote, hapa usifanye hivyo. Mashine nyingi za umeme bodi haijaungwa na hasi ya betri, kwa hiyo ukipima kwa bodi utapata namba za ajabu ajabu na utabadilisha vitu vizima. Mita nyeusi iwe kwenye hasi ya betri yenyewe, muda wote. Mita yangu nimeifunga waya mrefu wenye klipu kwa ajili hiyo.

Washa ufunguo, fuata volti 48 kutoka fyuzi ndogo, kuingia ufunguo, kutoka ufunguo, kuingia swichi inayofuata, kutoka, hivyo hivyo. Inapoingia ipo na inapotoka haipo, mwizi ndiye huyo. Kwenye mashine nyingine mnyororo unapita upande wa hasi, au kila swichi inapeleka taarifa yake peke yake kwenye kontrola, ndo maana nilisema chora.

Swichi ya kiti muombe mtu akae, maana kuna swichi zinazofunga ukikaa na nyingine zinafungua ukikaa, na ile ya breki pia hivyo hivyo. Usikariri, angalia inabadilika au haibadiliki. Vile viswichi vidogo vina miguu mitatu, mmoja wa pamoja, mmoja unaoungana ukibonyeza na mwingine unaoachana ukibonyeza. Chomoa nyaya, weka mita kwenye mlio, bonyeza na kidole. Inatakiwa ulie au unyamaze safi, sio kulialia kama simu inayotafuta mtandao. Na kulia ile "tiki" haimaanishi ni nzima, nimeona zinazotika vizuri na ndani zimeota kijani.

Kuna watu wataunganisha nyaya mbili za kiti moja kwa moja wapite. Kwa dakika mbili za kupima, magurudumu juu, visu vimechomolewa, sawa. Kuiacha hivyo hapana. Hiyo swichi ndiyo inayozima visu ukianguka au mtoto akikufuata kwa nyuma ukashuka kumwangalia. Swichi mpya bei yake ni ya chakula cha mchana.

Kontakta: sikiliza

Walinzi wakikubali, kontakta inalia tak. Haijalia? Pima koili yake, zile terminali mbili ndogo. Ukiona volti zipo na haiitikii, koili au kontakta yenyewe imekufa. Volti hazipo, rudi nyuma kwenye mnyororo, na kumbuka mara nyingi chanya ya koili ipo muda wote na kontrola ndiyo inavuta upande wa hasi, kwa hiyo pima katikati ya miguu miwili ya koili. Imelia? Basi pima kwenye bolti zake mbili kubwa, ikiwa imefunga iwe karibu sifuri, ukisoma volti kadhaa wakati mota inavuta basi ndani mashavu, zile sehemu za chuma zinazogusana, yameungua. Kuna mashine zina rezista ndogo imepita juu ya hizo bolti mbili, usiitoe, inajaza kapasita taratibu ili kontakta isipige cheche kila ukiwasha. Na diodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye koili ikirudishwa kinyume utapiga shoti, angalia mstari wake kabla hujaitoa.

Kama kontrola ina kitaa kinachopepesa, hesabu. Mipepeso mitatu, kituo, miwili, kwa mfano. Andika, tafuta kitabu cha kontrola hiyo. Ndiyo mara pekee mlinzi anaongea.

Pedali yenyewe

Tumefika. Pedali za kuendea ziko za aina mbili hivi.

Ya kwanza ni ya potenshometa, yaani kile kidude cha kuongeza sauti kwenye redio za zamani, ambacho kikichakaa kinakwaruza. Pedali ikishuka, kidude kinazunguka, ukinzani unabadilika, mara nyingi kati ya sifuri na ohmu 5,000. Zima kila kitu, chomoa plagi yake, mita kwenye ohmu, kanyaga kwa mkono polepole mno. Namba ipande bila kuruka. Mita ya kidijitali ni nzito kuona mruko mdogo, kama una ile ya mshale ya zamani ndiyo siku yake, mshale ukitetemeka mahali pamoja kila ukipita hapo, njia imelika. Dalili yake ukiwa umekaa juu: mashine inashtuka, inakata inarudi, mahali palepale pa pedali.

Ya pili, ambayo ndiyo iko kwenye nyingi mpya, ni ya sensa ya Hall. Ndani hakuna kinachosuguana, kuna sumaku ndogo na kisensa. Nyaya tatu: moja inaleta volti 5 kutoka kontrola, moja ni hasi, ya tatu ni ishara. Hii haipimwi kwa ohmu, lazima iwe na umeme. Usichomoe plagi, penyeza pini nyembamba kwa nyuma ya konekta kandokando ya waya mpaka iguse chuma, washa ufunguo, upime.

Anza na ile ya 5, hapa mita nyeusi iweke kwenye waya wa hasi wa pedali. Ipo? Nenda kwenye ishara: pedali ikiwa juu inasoma mara nyingi kama 0.8 hivi, ukikanyaga mpaka chini inakaribia 4. Namba kamili zinatofautiana kwa mashine, cha muhimu ianze juu ya sifuri kidogo na iishie chini ya 5 kidogo, ipande kama mtu anayepanda ngazi bila kuruka. Kwanini isianze sifuri? Kwa sababu waya ukikatika inakuwa sifuri, na kontrola inataka itofautishe "sijakanyagwa" na "nimekatika." Ujanja mzuri sana huo.

Ishara ni sifuri na 5 ipo na hasi ni nzima, sensa imekufa. Ishara imeganda kwenye 5, hasi imekatika au kuna shoti. Na ile ya 5 ikiwa haipo, usikimbilie kulaumu kontrola, chomoa plagi ya pedali halafu pima tena upande wa kontrola ukitumia hasi ya betri. Ikirudi 5, pedali ndiyo ilikuwa inaivuta chini. Isiporudi, hapo sasa kontrola au waya wake una kesi.

Kwa yule mzee wa Bukavu mambo yalikuwa hivi: ukipima pedali kwenye plagi yake, safi, 0.8 mpaka 4 bila shida. Ukipima ishara hiyohiyo kwenye soketi ya kontrola, mita moja tu mbele, sifuri. Nikapitisha vidole kwenye ule waya wa kijani taratibu, kuvuta kidogo kidogo, na pale unapopinda kwenye bawaba ya pedali ukavutika kama mpira. Shaba ndani ilishakatika, plastiki tu ndiyo imeshikilia. Kila alipokanyaga waya ulipinda, ukanyooka, ukapinda, miaka kadhaa. Kwa hiyo pima PANDE ZOTE MBILI za waya, huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko yote humu.

Usisahau chuma. Springi iliyochoka inaacha pedali imeshuka milimita chache, na kontrola nyingi zikiona ufunguo unawashwa huku pedali imekanyagwa zinagoma kwa makusudi ili mashine isiruke. Nimewahi kukuta tatizo zima ni tonge la majani makavu nyuma ya pedali. Nikatoa kwa bisibisi, ikatembea, nikaona aibu hata kuomba hela.

Pedali ya breki nayo ina swichi yake, na baadhi ya mashine zina breki ya sumaku nyuma ya mota, inayoshika muda wote mpaka ipewe umeme iachie. Dalili yake mota inanguruma, haisogei, na husikii "tiki" ndogo upande wa mota ukianza kukanyaga. Pima kama umeme unafika kwenye koili yake. Na mashine ikizimika usiivute na gari kwa kasi, mota ikizungushwa na magurudumu inazalisha umeme na kurudisha kwenye kontrola.

Kutengeneza waya bila kurudia wiki ijayo

Kata sehemu yote iliyochoka, sio pale ilipokatika tu, unga waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, sio ule mgumu wa nyumba. Kwenye sehemu inayopinda mimi siweki lehemu kabisa, maana lehemu inafanya waya kuwa kama msumari na utakatika palepale inapoishia. Sogeza kiungo mbali na bawaba, kibane kwa kiungio cha kubana, vaa mpira wa kusinyaa wenye gundi, pasha moto. Tepu nyeusi peke yake joto la kiangazi litaifungua. Acha kitanzi cha waya kinacholegea pale kwenye bawaba, kama mkia, halafu funga kabla na baada yake kwa vibano vya plastiki. Ndani ya plagi paka grisi ya umeme kidogo.

Kujaribu

Magurudumu bado juu. Kanyaga pedali kwanza halafu washa ufunguo: igome. Achia, washa, kanyaga taratibu, magurudumu yaanze polepole. Nyuma, mbele. Kanyaga breki huku umekanyaga ya kuendea, mota iachie. Kama imekubali mambo yote hayo shusha chini, endesha uwanja ukiwa wazi, bila visu. Mwisho kabisa zima, fungua hasi, rudisha plagi za visu, rudisha hasi, kaa, washa visu, inuka kidogo kwenye kiti miguu ikiwa pale pale. Visu vizimike. Visipozimika mashine hairudi kwa mwenyewe.

Yule mzee nilimpa ule waya wa zamani akauangalia, akauvuta vuta, akacheka, "hii ndiyo walitaka kuniuzishia kontrola?" Akautia mfukoni. Baada ya wiki nilipita kukaza tena nati za betri, maana lagi zilizosuguliwa zinalegea kidogo zikishapata joto na kupoa, nikaukuta ule waya umening'inizwa kwenye msumari gereji, karibu na ufunguo wa mashine.